Mitaro Miwili Mpakani kwa Ratemo

S.L.P. 75,
Rongo.
24 Januari 1999

Mpendwa mwanangu Ratemo,

Pokea salamu za baba yako mdogo. U hali gani huko Mombasa? Mkeo Liz hajambo? Kile kikohozi cha mtoto wenu Beverlyne ulichoniandikia mwezi wa Novemba kimekwisha? Mimi ni mzima, ila macho yameanza kuchagua ukubwa wa herufi.

Huku hakujanyesha tangu Krismasi. Mahindi yamevunwa na ng'ombe wanakula mabua.

Sasa shamba. Marehemu baba yenu alipowagawia, alikata ardhi kwa urefu, kutoka barabarani hadi mtoni, ili kila mmoja apate njia na maji. Ilikuwa haki. Lakini katika kipande chembamba namna hiyo ng'ombe wa plau hawawezi kugeuka, basi hulima kuteremka, na kila mfuo wa plau huwa njia ya maji. Tangu zile mvua za El Nino kuna korongo katika kipande chako cha katikati. Septemba lilikuwa hatua kumi na moja kutoka kaburi la mama yako. Sasa ni hatua nne.

Ziwa lilipopanda mwaka wa 1962 lilichukua shamba langu pale Kendu Bay, na hapakuwa na la kufanya. Miaka yote hii nimekaa kwenye ardhi ya ndugu yangu, na bado najua migomba yangu ilisimama wapi chini ya maji. Korongo si ziwa. Linazuilika.

Desemba alikuja bwana shamba na kamba, fimbo mbili na pima maji ya fundi. Akatuonyesha mstari wa mtaro wa fanya juu: unachimba kukingama mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, tuta unalipanda majani ya nepia. Mstari huo unakata vipande vyenu vyote vitatu, na unajua kwetu anayechimba kuvuka mpaka amedai shamba.

Kaka yako Nyabuto alimwambia ndugu yenu Nyangau, “Leo unavuka na jembe, kesho utavuka na kitanda!”

Nyangau akamjibu, “Kitanda changu, bwana mkubwa, hakipiti kwenye matope yako.”

Mellen, mke wa Nyabuto, alicheka hadi akaketi chini, na hasira zikaishia hapo. Wakakubaliana kila mmoja achimbe kwake.

Wamechimba vizuri. Lakini wote wawili wamesimama kwenye mkonge wa mpaka wako, mmoja huku, mwingine huku, kwa heshima, kwa kuwa mwenyewe hupo. Mtaro usiounganishwa humwaga maji pale unapoishia, na yote miwili imeishia kwako.

Mimi sina kipande hapo, siwezi kuwaamuru. Niliwaomba angalau wazibe ncha za mitaro. Wakasema neno litoke kwako. Tafadhali andika kwa mkono wako mwenyewe, uwataje wote wawili kwa majina, kwamba wapitishe mtaro kwako na mpaka ubaki pale pale. Kazi hiyo inataka siku tisa, na masika huanza katikati ya Machi. Barua ikichelewa, maji ya vipande viwili yatamshukia mama yako kwa njia tuliyoichimba sisi wenyewe.

Nyabuto, Mellen na Nyangau wanakusalimu sana. Mungu ailinde nyumba yako na kazi ya mikono yako.

Ni mimi nikupendaye daima,
Baba yako mdogo,
Bichage