Jumapili Moja Venisi

Ariano, 3 Septemba 1964

Mwanangu Loris,

Nakusalimu wewe, mkeo na huyo mdogo wenu. Natumaini barua hii itawakuta mnapumua vizuri, maana siku hizi ndiyo afya pekee ninayowaombea. Huku hatujambo. Goti langu linalalamika kama kawaida yake, baba yako ni mzima, mahindi tumeanza kuvuna, na yule ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Barua yako Norma wa posta alinipa jana, kaifunga ndani ya gazeti ili nipite nayo mlangoni. Nimeisomea zizini. Unasema moyo wa mjukuu wangu Renata una tundu na watampasua mwisho wa Novemba. Unasema pia kwamba daktari ana matumaini. Mwanangu, kabla yako nilizika watoto wawili. Najua daktari akisema ana matumaini anamaanisha nini.

Nataka kumwona kabla hawajamgusa. Kuja huko Ujerumani siwezi, na wewe kukanyaga hapa huwezi, baba yako unamjua. Juzi jirani alijisahau akataja jina lako mezani. Baba yako akaweka kijiko chini, akatoka, akaacha supu ya maharage inapoa.

Sasa sikiliza. Parokia inapeleka watu Venisi Jumapili ya tarehe kumi na moja Oktoba. Basi alfajiri, misa San Marko, kisha kila mtu anatembea atakavyo mpaka jioni. Nimemwambia baba yako nataka kwenda kutalii. Alinitazama kana kwamba nimesema naenda kucheza dansi.

"Kutalii nini? Maji? Maji si tunayo hapa?"

Nikamwambia nina miaka hamsini na minane, Venisi iko pua na mdomo, na watu wanatoka Amerika kuja kuiangalia.

"Haya, nenda kaangalie maji," akasema.

Je, mtaweza kufika? Niambie nisimame wapi. Mji siujui, nitapotea kama kuku sokoni.

Mama yako


Wolfsburg, 12 Septemba 1964

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Goti lako lipake mafuta yale niliyotuma, usiyaweke kabatini kama mapambo. Mimi sijambo, kiwandani kazi ni ileile. Renata yuko vile alivyo: asubuhi anaimba, jioni hana nguvu ya kushika kijiko.

Tutakuja. Daktari amekubali treni, mradi asipate baridi na asitembezwe. Hapo ndipo shida ilipo. Ule msimu wa baridi niliobeba matofali Venisi niliujua mji ule kwa miguu yangu: kila mfereji una daraja, na kila daraja lina ngazi. Renata ngazi hawezi. Akipanda chache tu midomo inageuka buluu kama mtu aliyekula zabibu nyeusi, naye anachuchumaa mwenyewe, magoti kifuani, mpaka pumzi irudi. Hakuna aliyemfundisha. Mwili wake ndio umejifunza.

Usiku nakaa na ramani kama jenerali, natafuta njia isiyo na daraja. Nimeipata. Kutoka stesheni tutachukua boti mpaka kituo cha San Marko. Kando ya kituo kuna bustani ndogo yenye mabenchi, na kati ya boti na bustani hakuna ngazi za kupanda. Wewe ukitoka misani, shika kushoto mpaka ufike kwenye maji, kisha geuka kulia. Huwezi kupotea.

Renata anauliza kama bibi yake anaishi ndani ya maji. Nimemwambia karibu.

Mwanao Loris


Ariano, 20 Septemba 1964

Loris mwanangu,

Salamu kwenu nyote, na leo sina salamu ndefu. Baba yako anakuja.

Padri Attilio alipita kumtazama ndama. Akamtania baba yako, "Oreste, utamwacha mkeo aende peke yake Venisi, achukuliwe na mpiga makasia?" Wanaume wakacheka, na baba yako akasema, "Basi niandike na mimi." Mzaha tu, mwanangu.

Nikisema naumwa, sitamwona mtoto. Nikisema ukweli, unajua alivyoapa kwenye kaburi la Gino. Nilikuwa nimemshika mkono. "Waliomnyonga ndugu yangu kwenye daraja la mto," alisema, "lugha yao haitasikika nyumbani kwangu, wala mtu wao sitamgusa." Miaka kumi na tisa imepita, na hadi leo Kijerumani kikisikika redioni anainuka na kuizima. Kisha wewe ukaenda ukaoa huko. Simlaumu Heike. Wala baba yako siwezi kumlaumu. Nimekaa katikati kama nafaka kwenye jiwe la kusagia.

Nimewaza hivi. Baba yako hajawahi kumwona Heike, wala mtoto. Wewe jifiche. Heike akae bustanini na Renata, mtoto avae kofia nyekundu. Nitasema miguu inauma, nitakaa kando yao kama mtu yeyote anavyokaa kando ya watu. Nitampa mtoto peremende. Bibi yeyote angempa. Ila wasiongee, hata neno moja.

Mwombe Heike anisamehe. Ninachoomba ni kibaya na ninajua. Nisipopata jibu nitaelewa kwamba hamji.

Mama yako


Wolfsburg, 28 Septemba 1964

Mama,

Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Barua yako niliichana, kisha nikaiokota. Heike akaniuliza imesema nini, nikamsomea yote. Alikuwa anakunja nguo za mtoto.

"Kwa hiyo niwe bubu," akasema, "kwa ajili ya vita nilivyovipitia chini ya meza, nikiwa na miaka minne?"

Akakunja nguo nyingine mbili. "Na Renata? Mtoto wa miaka mitatu utamnyamazishaje?"

Mimi nilitaka nimfuate baba palepale mbele ya parokia nzima, nimtie mtoto mikononi, aape tena kama anaweza. Heike akakataa. "Mtoto huyu si wa kupigiwa kelele. Moyo wake hautazistahimili." Akamaliza kukunja nguo zote. Mwisho akasema, "Mama yako hajawahi kuniomba kitu. Nitakwenda."

Basi tunakuja. Nitasimama nyuma ya kibanda cha tiketi za boti, kofia usoni. Nitawaona, ila usigeuke kunitafuta. Renata tunamfundisha mchezo wa samaki: samaki anafungua mdomo na kufunga, lakini hasemi. Anaupenda sana. Tukimtazama akiucheza, Heike huondoka chumbani.

Mwanao Loris


Ariano, 13 Oktoba 1964

Mwanangu Loris,

Mmefika salama? Treni aliistahimili? Amekula? Nijibu hayo kwanza kabla ya yote.

Uliona kwa mbali, kwa hiyo nakuandikia yale usiyoweza kusikia.

Nilimjua kabla sijaiona kofia. Heike alisogea kunipa nafasi, hakunitazama. Baba yako akakaa upande wa pili wa mtoto. Nikampa peremende. Kumbe vidole vyake ni vya baridi hivyo, na kucha zote za buluu. Nilitamani nimfungie ndani ya koti nikimbie naye. Badala yake nikasema, "Leo kuna upepo." Ndivyo nilivyosema, kama mpumbavu.

Renata akamgeukia baba yako, akafungua mdomo na kufunga. Baba yako akamtazama. Kisha naye akafungua mdomo na kufunga. Loris, mimi nimeolewa na mtu yule miaka thelathini na moja. Wakakaa wanajibizana hivyo, mzee na mtoto, hata mtoto akamshika kidole.

"Wee samaki, unaitwa nani?" baba yako akauliza. Mtoto akamtazama mama yake, akafumba mdomo kabisa. Baba yako akanigeukia. "Ni bubu?"

Nikasema sijui.

Halafu njiwa wakatua. Renata akaruka kuwakimbilia, hatua chache tu, akachuchumaa. Baba yako ndiye aliyemfikia kwanza. Akapiga goti kwenye changarawe, akamwekea mkono mgongoni, akasema, "Pole pole, pole pole," kama anavyosema na ndama. Mtoto aliogopa akamwita mama yake, akasema kitu kwa Kijerumani. Heike akamjibu. Mama gani asingejibu?

Mkono wa baba yako ukaondoka kana kwamba umegusa jiko. Akasimama, akavaa kofia. "Argia, twende." Nikaenda. Sikugeuka, kama ulivyoniambia. Hukuniambia itakuwa kazi kubwa hivi, kutembea tu.

Tulikuwa ndani ya basi, tunavuka mto. "Yule mtoto ni mgonjwa," akasema.

"Ndiyo."

"Sana?"

"Inaonekana sana."

Basi. Tulipofika alikwenda zizini, akakaa huko mpaka nikamfuata na taa.

Watu wananiuliza Venisi nimeona nini. Nawajibu, maji.

Mama yako


Wolfsburg, 19 Oktoba 1964

Mama,

Salamu. Safari haikumdhuru, daktari mwenyewe amesema, kwa hiyo usijitafune. Lakini tangu Alhamisi anazimia. Upasuaji wameuleta mbele, ni tarehe 29 mwezi huu. Analala ameketi, kifuani kwangu au kwa Heike, tunapokezana. Akizinduka anauliza mzee samaki yuko wapi na atarudi lini.

Sali, Mama. Sitaandika tena mpaka yaishe.

Mwanao Loris


Telegramu, Wolfsburg, 27 Oktoba 1964

RENATA AMEFARIKI LEO ALFAJIRI. LORIS


Ariano, 28 Oktoba 1964

Loris wangu,

Telegramu yako Norma aliileta jana mchana mwenyewe, kwa miguu. Hakuifunga kwenye gazeti. Nilipomwona mlangoni na karatasi mkononi nilijua.

Kuhusu Renata bado sina maneno. Nitayapata, au sitayapata. Mkumbatie Heike, umwambie nimemwita binti yangu, kwa sauti, hapa jikoni.

Telegramu yangu nadhani umeshaipata: BABA YUKO NJIANI HAJUI. Norma alikuwa analia huku akiituma. Barua hii itakuja nyuma ya mambo yote, lakini siwezi kukaa bila kukueleza.

Ile barua yako ya tarehe kumi na tisa niliisoma mezani, kwa sauti, bila kuomba ruhusa. Nilikuwa nimechoka kusomea zizini. Nilingoja aondoke. Hakuondoka. Nilipofika kwenye mzee samaki nikaweka karatasi chini, naye akasema, "Endelea."

Kesho yake akaenda kwa kinyozi. Keshokutwa yake akaenda kwa mwalimu Zerbinati, yule aliyefungwa Ujerumani wakati wa vita. Baba yako Kijerumani chake chote ni "mikono juu" na "toka nje". Alikwenda kuuliza watu wale husemaje "mimi ni babu yako". Akarudi na sentensi hiyo nyumbani kama mtu aliyebeba yai. Siku zote hizo nilimsikia zizini akiirudiarudia.

"Ndama ameshaelewa sasa," nikamwambia.

"Ndama hana haraka," akasema. "Mimi ninayo."

Jana alfajiri alivaa suti yake ya harusi. Nilimfungia soseji na mkate, akakata anwani yako nyuma ya bahasha akaitia mfukoni. Nikamuuliza alimtambua mtoto lini.

"Palepale bustanini, kabla hajasema neno. Masikio yale ni ya mama yangu."

"Sasa mbona uliondoka?"

Akainama kufunga kamba za viatu. "Nilikuwa nimeapa," akasema. Kisha akasimama. "Nitawahi kabla hawajamwingiza ndani. Lazima awe na mtu wa kucheza naye."

Saa ileile anafunga viatu, mwanangu, mtoto alikuwa anakata roho, au ameshakata. Sitaki kujua ni saa ngapi hasa, usiniambie.

Telegramu yako ilipofika, Norma alipiga simu stesheni ya Rovigo, wakamjibu treni imeshapita Verona. Nilisimama uani na ndoo mkononi. Sikujua hata nilikuwa nataka kufanya nini na ndoo.

Ukisoma haya atakuwa ameshafika. Natumaini telegramu ilimtangulia, na hukumwambia pale stesheni katikati ya watu. Natumaini ulimkalisha kwanza, maana safarini hali chochote, ile soseji alikuwa anamletea Renata. Kama ulimpigia kelele, sikulaumu. Kama hukuweza kumtazama, hilo pia nalielewa.

Ila ile sentensi alikuwa nayo mdomoni njia nzima, anaogopa kuisahau. Natumaini ulimwacha aiseme yote mpaka mwisho, hata kama wa kuambiwa aliyebaki ni Heike.

Mama yako