Amefichwa au Ameachwa

Jumatatu, 10 Novemba

Chu amestaafu. Wametangaza leo asubuhi. Mdakaji wa timu yetu ya besiboli miaka yote hii, yule ambaye Gyutae wangu amekaa nyuma yake akisubiri, tangu amalize shule mpaka leo ana miaka ishirini na minane. Nilikuwa nakata vitunguu redio ikisema. Nikaweka kisu chini. Sikujua nifurahi au nimwonee huruma mama yake Chu.

Nimefurahi. Mungu anisamehe.

Gyutae kapiga simu mchana. Kasema, Mama, nadhani safari hii zamu yangu imefika. Yule si mtoto wa kusema hivyo! Yeye kila siku ni "tutaona, Mama." Nikamuuliza magoti. Magoti yapo. Kazi ya kuchuchumaa nyuma ya mpigaji kutwa nzima, magoti yatabaki kweli? Nikamuuliza kama amekula. Amekula.

Nimemwambia baba yake. Kakuna kichwa. "Mama Gyutae, nafasi ya mdakaji haitolewi kwa foleni kama mkate." Mtu gani huyu. Ndiye aliyemfundisha kudaka, kule nyuma ya nyumba, na jamvi kuukuu ukutani.

Alhamisi, 13 Novemba

Msimu umeisha lakini mpira haujaisha. Hapa Busan hauishi. Kila jioni wako hapa kwenye duka letu la supu, meza iliyo karibu na jiko: Pyo dereva wa teksi, Okhui wa saluni ya jirani, na mume wangu ambaye angetakiwa kuwa anaosha mabakuli. Supu bakuli moja, wanakaa saa tatu nzima.

Leo ni Maeng. Maeng, Maeng, Maeng. Mdakaji wa timu ya kaskazini. Mkataba wake umekwisha, yuko huru kwenda anakotaka. Pyo anasema bila Maeng tutaburuza mkia mwaka wa nne mfululizo. Okhui anasema Maeng ana thelathini na minne, hela yote hiyo ya nini kwa mtu wa kubandikwa plasta za mgongo!

"Wewe unampendea Gyutae sura," Pyo akamwambia.

"Na wewe Maeng unampendea nini, kitambi?"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Nikacheka na mimi, sufuria mkononi.

Ndipo Pyo akakumbuka niko nyuma yake. "Shemeji, Gyutae ni mzuri. Sisi tunapiga soga tu."

Mzuri. Nikitoka na supu Gyutae ni mzuri. Nikirudi jikoni sauti zinashuka. Wanasahau kile kidirisha cha kupitishia mabakuli. Nasikia kila kitu. "Mkono anao, kijana. Kutuliza warushaji anaweza. Lakini kupiga hapigi. Timu haiwezi kumtegemea."

Huyo hakuwa Pyo. Alikuwa baba yake Gyutae.

Nimemwekea wali wa baridi.

Jumanne, 18 Novemba

Hakuna jipya. Pyo kaja mbio, Maeng kaonekana uwanja wa ndege! Okhui anasema aliyeonekana ni mtu mnene tu, wapo wengi. Mvua. Wateja wachache. Gyutae hakupiga simu.

Jumanne, 25 Novemba

Amekuja. Maeng. Miaka minne kasaini. Picha imejaa kwenye simu za watu wote, kavaa jezi yetu, kashikana mkono na mkurugenzi, meno nje.

Mume wangu kapiga makofi. Mara mbili. Halafu akaniona, mikono ikabaki juu.

Pyo hakushangilia. Nikajua kuna jambo. Nikamwambia, sema. Akanieleza polepole kama mtu anayeeleza ugonjwa. Ukichukua mchezaji wa watu, hulipi hela peke yake, unalipa na mtu. Timu yetu inaficha majina ishirini. Hao hawaguswi. Waliobaki nje ya ishirini, wale wa kaskazini wanajichagulia mmoja na kuondoka naye.

"Na ni nani kafichwa?" nikauliza.

"Hayo hayatangazwi, shemeji. Timu mbili zinajuana zenyewe. Hata wachezaji hawaambiwi. Sisi tunakisia tu mpaka tuzeeke."

Basi wakaanza kukisia. Warushaji kwanza, hao lazima. Yule chipukizi Noh, mkono wa kushoto, lazima! Wakabishana juu ya mzee anayelinda kona ya tatu ya uwanja, Pyo akapiga meza, kachumbari ya kimchi ikamwagika. Nikawa nahesabu kichwani. Ishirini yakaisha. Gyutae hawajamtaja.

Okhui ndiye aliyesema. Kwa sauti ndogo. "Na wale sasa hawana mdakaji."

Supu tu inachemka.

Kaskazini hatuna mtu. Hatuna hata binamu. Baridi ya kule, na magoti yale! Nani atamkanda?

Jumatano, 26 Novemba

Nimefanya jambo.

Mwaka juzi mashabiki walimtaka kocha aondoke. Walichangishana mtandaoni, wakakodi lori lenye skrini kubwa ubavuni, likazunguka mbele ya ofisi za klabu siku tatu na maneno yao. Kocha akaondoka. Pyo alikuwa mmoja wa vinara, bado anasimulia.

Asubuhi kabla hajaanza kazi nimemfuata kwenye teksi. Nimeinama dirishani. Nimemwambia, mlimfukuza mtu kwa lori. Mnaweza kumbakiza mtu kwa lori?

Kaniangalia. "Shemeji. Lile lilitoka kwenye hasira. Hasira inachangisha haraka."

"Na hili litoke kwangu."

Akashusha pumzi. Okhui alikuwa anafungua saluni, kasikia. "Hili lina ubaya gani? Tunamtoa mdakaji kijana bure? Na Maeng akivunjika mgongo mwezi wa tano, utadaka wewe?" Pyo akasema yeye kudaka hawezi, tumbo litazuia. Akacheka. Nikajua amekubali.

Nimewaapisha wote wawili. Gyutae asijue limetoka kwangu. Mtu mzima, mama yake anamwombea kazi barabarani! Nimeona aibu kwa niaba yake.

Baba yake kagundua jioni. Hakugomba. Kasema tu, "Umemuuliza mwenyewe?"

Nimuulize nini? Mtoto anaulizwa kama anataka kubaki kwao?

Alhamisi, 27 Novemba

Nimeliona lori!

Nimefunga duka saa mbili nzima, sijafanya hivyo tangu mazishi ya mama mkwe. Nimepanda basi mpaka ofisi za klabu. Likapita. Uso wa mwanangu mkubwa kama nyumba, kofia ya kudakia kaipandisha kichwani, jasho. Na maneno yanatembea: MFICHENI GYUTAE. NI WETU. Linafika kona, linageuka, linarudi. Watu wanasimama na simu zao. Msichana mmoja kasema, kumbe ana mashabiki hivi?

Nimelia pale pale barabarani kama mpumbavu.

Nilikuwa nimebeba supu kwenye chupa ya chai. Lori liliposimama nikampa dereva. Kaniuliza, "Mama, wewe ni shabiki wake?"

Nikasema, ndiyo.

Jumamosi, 29 Novemba

Majina yamepelekwa jana, ndivyo Pyo alivyosikia. Ishirini. Basi imekwisha, liwe liwalo. Nimenunua kabichi za kimchi, nimezilaza kwenye chumvi. Chumvi nadhani imezidi.

Jumapili, 30 Novemba

Siku ya kimchi. Okhui kaja kusaidia, wifi zangu wawili, na Gyutae! Hakusema kama anakuja. Kakunja mikono, kakaa chini na sisi, magoti yakalia kama kuni. Wanawake wakamtania, huyu anadaka kabichi kuliko mipira. Kacheka. Anapaka pilipili jani moja moja taratibu, ndivyo alivyo tangu mdogo.

Wenzetu walipotoka kwenda kula, tukabaki wawili. Hakuniangalia. Kasema, "Mama, nikuambie kitu? Naomba wawe hawajanificha."

Nikadhani sijasikia.

Kasema, kule kaskazini hawana mdakaji. Kule angedaka kila siku, kutoka mechi ya kwanza. Hapa Maeng kasaini minne. "Nikija kutoka benchi nina thelathini na mbili na magoti ya babu. Mama, nilikuwa nasubiri mzee mmoja astaafu, wameniletea mwingine." Kasema kocha mmoja wa kule alishawahi kumsifu, mbele ya watu. Labda wamemkumbuka. Alivyokuwa anasema—uso wake ulikuwa kama ule wa siku alipochaguliwa shuleni.

Halafu kasema, "Umeliona lile lori? Watu wana moyo. Nimeshukuru. Lakini nilitamani kulipasua magurudumu. Sijui nani aliwapa wazo."

Nikaendelea kujaza kabichi. Kucha zote nyekundu. Macho yakawa yanawasha, nikasema ni pilipili. Ilikuwa pilipili pia.

Okhui alikuwa kasimama mlangoni na sinia. Kasikia. Karudi nyuma kimya kimya.

Jumatatu, 1 Desemba

Sijawahi kuomba vitu viwili vinavyopingana. Leo nimeomba. Asubuhi nimeomba abaki, midomo imezoea. Mchana nimeomba aondoke. Mungu atanielewaje.

Baba yake kaniuliza nina nini. Nimemweleza. Kasema alijua. "Ndiyo maana nilikuuliza kama umemuuliza." Halafu, bila kuniangalia: "Nilisema hapigi. Ni kweli hapigi. Angepewa mechi mia mfululizo angepiga. Hapa hawatampa."

Kumbe! Miaka yote hii nilidhani anamdharau mwanawe.

Jumatano, 3 Desemba

Wamemchukua Noh.

Saa kumi jioni simu zote zilizokuwa mezani zililia pamoja. Noh, yule mrushaji wa mkono wa kushoto, ana miaka ishirini tu. Pyo akainuka na kijiko mkononi. "Noh! Wamemwacha wazi Noh! Klabu gani hii! Huyo angekuwa mrushaji wetu miaka kumi!" Watu wa meza nyingine ambao hata siwajui wakaanza kulaani. Mmoja anasema potelea mbali, bado hajakomaa. Mwingine anamwambia hujui mpira wewe, kanywe supu.

Mimi nimeshikilia kaunta. Si Gyutae. Si Gyutae.

Pyo akanigeukia, uso wote umechangamka ghafla. "Shemeji! Unaona? Walimficha Gyutae, ndiyo maana Noh akabaki nje! Lori limefanya kazi! Tumemwokoa!" Kaninyanyulia glasi.

Halafu nikaona wazo linaingia kwenye uso wake. Akaishusha. "Au labda… walimwacha wazi naye, na wale hawaku—"

"Pyo," mume wangu akasema. "Kula supu yako."

Okhui akaomba kimchi zaidi na alikuwa nayo tele. Nikamletea.

Alhamisi, 4 Desemba

Gyutae yuko nyumbani. Kaja na begi dogo. Analala. Nimepika supu ya mwani kama siku ya kuzaliwa kwake, sijui kwa nini. Kaonja.

Ijumaa, 5 Desemba

Leo hatujafungua duka. Baba yake kaandika kwa mkono wake, Tumepumzika, kabandika mlangoni. Pyo kapita, kasoma, kapiga honi mara moja, kaenda.

Asubuhi Gyutae kakaa pale pale kwenye meza yao ya mabishano. Kaniambia, Mama, hakuna atakayeniambia kamwe. Nimemuuliza meneja, kasema haruhusiwi. Ni moja kati ya mawili. Ama walinificha, na nisingefichwa wale wangenichukua. Ama waliniacha wazi, nikawekwa mezani mbele ya watu wasio na mdakaji hata mmoja, wakanitazama, wakamchukua mtoto wa kurusha. "Ningejua ni lipi ningelala."

Kasema na jingine. Kasema kama ni hilo la pili basi aache mpira. Rafiki yake ana duka la vifaa vya michezo, anatafuta mtu.

Ataacha! Huyu ambaye alilala na glavu kitandani.

Baba yake yuko nje anafagia mahali ambapo pameshafagiliwa. Gyutae anaosha mabakuli ya juzi. Mimi niko kwenye kaunta, nimemwambia naandika vitu vya kununua sokoni. Kaniuliza, kanipa mgongo, maji yanatiririka. Pyo kamwambia kwenye simu kwamba lori lilikuwa wazo la mtu wa humu humu ndani. Nani?

Nimesema, ngoja kidogo, nisisahau vitunguu.

Nikimwambia ni mimi hatanisamehe, au atachelewa sana kunisamehe. Lakini atakuwa na kitu cha kushika. Atasema, walinificha kwa sababu ya kelele za mama yangu, nilikuwa na pa kwenda, mama ndiye aliyeniharibia. Ataamka kesho amenikasirikia, atakwenda mazoezini na hasira zake. Mtu anaweza kudaka na hasira. Akiamini hakuna aliyemtaka, hatadaka tena.

Na mimi mwenyewe sijui kama ni kweli! Labda klabu hata dirishani hawakuchungulia. Labda lori lilizunguka bure. Naomba liwe halikuzunguka bure. Naomba iwe ni mimi niliyemharibia. Sijawahi kuomba hivi. Maana kama si mimi—

Kafunga bomba. Anafuta mikono.

"Mama?"