Dobi Aliyejifua kwa Dawa ya Mashuka

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi shemeji zangu wawili wanakuja kumchukua dada yao, na aliyewaita ni mimi mwenyewe.

Mimi ni dobi, nina miaka arobaini na mitatu, mke mmoja na watoto wawili, nafanya kazi kwenye chumba cha kufulia nyuma ya hoteli, mashuka na taulo kutwa nzima, pasi za mvuke kila upande, unaingia mkavu unatoka umelowa mpaka kiunoni, sasa miezi miwili iliyopita nikaanza kuwashwa huku mbele, samahani mama, sehemu za siri, kichwa cha uume kikawa chekundu na vipele vidogo, kwenye mikunjo ya ngozi pakajaa utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, una harufu, nikikojoa panachoma, na siku hizi nakojoa kwelikweli, usiku mmoja mara nne, naamka na kiu nakunywa soda nalala, naamka tena. Nikaona haya kwenda hospitali, mtu mzima na ndevu zangu nikamvulie suruali nesi wa umri wa binti yangu, nikajitibu kidobi, kwanza nikaoga na sabuni ya unga, haikusaidia, nikachukua ile dawa ya kung'arisha mashuka, kifuniko kimoja kwenye beseni la maji, nikakaa. Mama, niliruka mpaka nikagonga kichwa kwenye bomba. Pakatulia siku mbili halafu pakarudi na hasira, nikameza vidonge vya rangi mbili alivyobakiza mtoto alipougua kifua, ndiyo kwanza pakachachamaa.

Sasa kazini tunaye mpiga pasi tunamwita Profesa, hajawahi kufundisha popote, akanambia ugonjwa wa namna hiyo mwanaume haokoti njiani, analetewa nyumbani, nikakumbuka mke wangu alikwenda wiki nzima kumuuguza dada yake, basi damu ikanichemka, nikamwambia afungashe. Aliendelea kukunja nguo za watoto, kisha akasema, "Miaka kumi na sita unafua, hujawahi kutia dawa kwenye doa kabla ya kuuliza limetoka wapi. Mimi hata hukuniuliza."

Tangu siku hiyo nalala sebuleni. Mimi sijatoka nje ya ndoa, naapa, sasa kama si yeye ni nani? Nimfukuze au nimsamehe?

Ni mimi, Dobi Niliyechoka Kujikuna.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Dobi. Nilikuwa nakuhurumia vizuri tu mpaka nilipofika kwenye beseni, hapo nikavua miwani. Dawa ya mashuka, baba? Ile unayovalia glavu ukiishika?

Kwa maelezo yako, ugonjwa huo unafanana sana na fangasi. Ndiyo, hao hao mnaosema ni ugonjwa wa wanawake. Wanaume huwapata pia, asiyetahiriwa zaidi, lakini hata aliyetahiriwa hasalimiki. Na hawahitaji kuletwa na mtu. Tunaishi nao mwilini siku zote wametulia, wakipata joto na unyevunyevu wanazaana. Sasa nani anashinda ndani ya mvuke na chupi mbichi kuanzia asubuhi mpaka jioni, wewe au mkeo? Sabuni na dawa yako vikachubua ngozi, na vidonge vya mtoto vikaua vijidudu wazuri waliokuwa wakiwazuia fangasi wasitambe. Wanandoa wanaweza kupasiana, sikatai, lakini fangasi si ushahidi wa uzinzi popote pale. Profesa arudi kwenye pasi yake.

Kilichonishtua mimi ni hiyo kiu. Umeipitia haraka kana kwamba si kitu. Fangasi wasiokwisha, kiu isiyokatika na mkojo wa mara nne usiku, vikikutana kwa mtu mmoja lazima apimwe sukari. Sisemi unayo. Nasema hujui, na huku unajimiminia soda.

Kesho asubuhi, kabla ya zamu, nenda kituo cha afya. Sema yote, na beseni ulitaje. Ukimwonea haya nesi, omba uonwe na mwanaume, ila nakuhakikishia ameshaona makubwa kuliko hayo. Upimwe sukari, mkojo, na magonjwa ya zinaa pia, ili uache kubahatisha. Wakikuta ni fangasi watakupa krimu ya kuwaua, pengine na kidonge. Paka kama ulivyoelekezwa mpaka siku ziishe, hata kama muwasho umekoma siku ya tatu, maana wengi wenu mnaishia hapo halafu mnarudi kulia. Krimu ya kuazima usiguse. Hapo mahali paoshe kwa maji matupu, pakaushe vizuri, vaa chupi ya pamba isiyobana na uende kazini na nyingine ya kubadilisha mchana. Tendo la ndoa lisubiri mpaka upone, na mkeo akiwa na muwasho naye atibiwe.

Sasa Jumamosi. Unauliza umfukuze au umsamehe. Umsamehe kosa gani? Kuuguza dada yake? Wapigie shemeji zako leo hii, uwaambie umekosea wewe. Hiyo aibu utaimeza, umeshameza mabaya zaidi.

Kisha ingia chumbani, ukae, uombe radhi bila kumtaja Profesa. Mkeo alikufundisha kazi yako mwenyewe na hukumsikia. Akikuuliza doa lilitoka wapi, usizunguke. Mwambie, "Lilikuwa jasho langu, nikakupaka wewe."