Eliona, Jiko Halitaingia Tena Chumbani

Mwaka umekatika, Eliona mwanetu, tangu asubuhi ile ya mwezi wa saba tulipokuita usiitike. Ukungu umerudi, umekalia migomba vilevile kama mwaka jana, na wageni wa ibada yako ya kumbukumbu wameanza kupanda kuja Marangu. Mama yako hana raha. Anawawaza watakaolala kwenye nyumba uliyomjengea.

Ulikuwa fundi wa madirisha ya aluminiamu huko Dar, na mikono yako iliijua kazi. Nyumba ya mbao uliyokulia ilipitisha upepo kila upande, ukasema mama yako hawezi kuzeekea humo. Ukajenga ya tofali, ukapiga dari, madirisha ukayafunga mwenyewe. Ukajisifu, "Mama, hapa upepo wa Mlima utabisha hodi mpaka uchoke." Mama yako akacheka, akakubariki.

Ulipokuja likizo ile ulikuwa kama ndama aliyefunguliwa kamba. Ulivua viatu ukatia miguu kwenye mfereji unaopita kihambani, kati ya migomba yetu, ukapiga yowe kwa baridi, halafu ukasema asante. Ulichuma kahawa mbivu, ukafyonza utamu wake, ukatema mbegu. Asante. Ulimwegemea ng'ombe shingoni ukamnusa. Mtori, ile supu yetu ya ndizi, ulikunywa ukarudia, ukalamba na kijiko.

"Mama, nyie vitu hivi mnavyo kila siku. Hivi mnashukuru kweli?"

"Tukisimama kushukuru kila mgomba, majani ya ng'ombe atakata nani?"

Alikutania tu. Siku hizi akichota maji pale mferejini husimama kidogo, akashukuru.

Jirani yetu Magreth alisema kwenye msiba kwamba kwa zile asante zako ulikuwa unaaga. Wengi wakaitikia. Mama yako amekataa na anaendelea kukataa. Mtu anayeaga hasemi, "Kesho nakamua mimi, wewe lala." Ulifurahi kuwa nyumbani, basi.

Jioni baridi ikashuka. Wewe umezoea joto la Dar, meno yakawa yanagongana. Chakula kilipoiva ukalishika jiko la mkaa kwa kitambaa.

"Hilo unalipeleka wapi, baba?"

"Nalipeleka likalale, mama. Limepika tangu mchana, nalo limechoka."

"Na moshi wake?"

"Moshi gani? Mkaa umeshaiva huu, tazama, mwekundu kama nyanya. Tulipokuwa wadogo si tulilala kando ya moto, tukaamka tunadai uji?"

Kweli mlilala kando ya moto. Lakini mbao za nyumba ile zilikuwa na mianya ya kupitisha mkono. Hilo hakuna aliyelikumbuka. Ukaliingiza chumbani, ukafunga mlango, ukafunga na dirisha, na mama yako akamshukuru Mungu kwamba leo mwanawe atalala na joto.

Asubuhi ng'ombe alilia, kiwele kimejaa. Mama yako akakuita mlangoni, akakuita tena. Alipoingia hapakuwa na moshi wala harufu yoyote. Makaa yalikuwa majivu. Ulijikunja upande kama ulivyolala ukiwa mdogo, na blanketi halikuvurugika hata kidogo.

Daktari alisema taratibu ili mama yako aelewe. "Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa unatoa hewa yenye sumu. Huioni, huinusi. Hata ulioiva, usio na moshi, unaitoa. Mtu anapitiwa na usingizi, haamki."

Mama yako alielewa. Wengine hawakutaka kuelewa. Baba yako mdogo Yoramu alisema hadharani, "Mkaa gani unaua mtu bila moshi? Kijana kajenga, watu macho mekundu. Amechezewa huyu." Neno hilo likakaa, maana kumchukia jirani ni rahisi kuliko kuliogopa jiko lako mwenyewe.

Jumapili iliyopita mdogo wako Jesse alipiga simu. Anakuja Ijumaa na mkewe Winfrida na mtoto wao mchanga, na watalala chumba kile kile.

"Mama, shikamoo. Winfrida anahofia baridi kwa ajili ya mtoto. Utuwekee jiko chumbani mapema, tukute pameshapata joto."

"Marahaba. Jesse, umesahau kaka yako?"

"Mama, kaka walimroga. Baba mdogo si alisema? Na nyumba tumeshaiombea."

"Mmeiombea, sawa. Na dirisha mmelifungua?"

Jesse akacheka kidogo, akasema mtandao unasumbua. Simu ikakatika.

Tangu hapo mama yako hatulii. Utamsamehe, Eliona: kazi ya mikono yako ameiharibu. Amemwita fundi akatoa kioo kimoja cha dirisha la chumba chako, na upepo sasa unaingia utakavyo. Lakini kipande cha turubai kinaziba tundu lile kwa dakika moja, na yeye hawezi kukesha mlangoni kwa kila mgeni. Ndiyo maana maneno haya ameyataka yasomwe na watu wote, na Jesse ayasome kabla hajapanda gari.

Ibada ni Jumamosi, hapa nyumbani. Karibuni, mje na masweta. Blanketi zipo, chai ya moto ipo, na moto wa kuota utawashwa uani, hapo hapo nje. Mtoto atalala kifuani kwa mama yake. Baridi ya huku inatesa, lakini ukiamka unakuta inakusubiri, unaota jua, inakwisha.

Unakumbukwa na mama yako Eunike, mdogo wako Jesse na mkewe Winfrida na mtoto wao ambaye hukuwahi kumwona, baba yako mdogo Yoramu, jirani yetu Magreth, na mafundi wenzako wa Dar.

Tutakukumbuka maisha yetu yote, Eliona. Kufiwa na wewe mmoja kunatutosha.