Sikutia Sahihi Fomu ya Festo

Mchombe, Jumatano. Mvua imepiga tangu alfajiri, na mimi nina hasira ambayo sitaki ipoe kabla sijaandika.

Leo nimekataa kutia sahihi.

Mzee Salesi, ambaye macho yake yamefifia, anataka kumuuzia gobore lake jirani yangu Festo, ambaye mpunga wake unaliwa na nguruwe pori. Sheria haitaki watu wawili wapatane tu shambani na kukabidhiana silaha. Mnunuzi lazima achunguzwe: kamati ya usalama ya kijiji imjadili, wajumbe watie sahihi kwamba ni mtu wa tabia njema, ndipo fomu iende polisi Ifakara. Katika kamati hiyo mwanamke ni mimi peke yangu.

Mwenyekiti aliisoma fomu haraka haraka, kama matangazo ya kanisani. Amewahi kufungwa? Hapana. Mlevi? Wakacheka kidogo, wakaandika hapana. Mgomvi? Hapana. Kalamu ikazunguka mpaka ikanifikia.

Nikasema Festo ni mgomvi. Nikawaeleza kwamba mwaka jana, wakati wa mavuno, mimi ndiye niliyempakia mkewe, Kandida, kwenye keria ya baiskeli nikamsukuma hadi zahanati, mkono umevunjika. Aliuvunja Festo, kwa mpini wa jembe.

Mwenyekiti akaniambia kwa upole, "Mama Yusta, hayo ni mambo ya ndani ya nyumba. Hapa tunazungumzia nguruwe pori."

"Na hiyo bunduki italala wapi?" nikamuuliza. "Si ndani ya nyumba hiyo hiyo?"

Mjumbe mmoja akasema siasa za vyama vingi zimenitia kiburi. Mwingine akasema nguruwe wakimaliza mpunga, watu watakuja kula kwangu.

Waje.

Nikamtaka Mwenyekiti aandike jina langu na sababu yangu kwenye fomu, nikasimama pembeni yake mpaka alipomaliza. Nje nilimwamkia Mzee Salesi nikitegemea matusi. Aliitikia marahaba, akasema bila sahihi zote gobore litabaki kwake. Hatalitoa kwa kificho.

Nakiri jambo moja hapa. Mwaka jana pale zahanati, mganga alipouliza, Kandida alisema ameanguka, nami nikatikisa kichwa kukubali. Nilijua ni uongo. Nikajiambia si nyumba yangu. Tangu siku hiyo kila nikiuona mkono wake, ulivyounga vibaya, natazama pembeni.

Kwa hiyo leo sikuwa shujaa. Nilikuwa nimechelewa.

Alasiri nilimkuta Kandida kisimani. Nilidhani atanishukuru, mjinga mimi. Hakuitikia salamu. Alijitwisha ndoo yake kwanza, kwa mkono ule mzima, ndipo akasema, "Nguruwe wameshakula nusu ya mpunga wangu. Utanilindia wewe?"

Akaondoka. Nilibaki pale na ndoo tupu.

Ana haki ya kunikasirikia. Njaa yake ni ya kweli, na mimi nimemwongezea. Ila nguruwe anafukuzika kwa kelele na moto. Festo akiwa na gobore mkononi, nani atamfukuza?

Nimemwuliza kila mtu kichwani mwangu, hata marehemu mama yangu. Hakuna aliyenipa jibu la kunifanya nirudi kwa Mwenyekiti.

Kesho nitakwenda shambani kwa Kandida na debe la kupiga, tulinde sote. Akinifukuza, nitakaa mpakani, nipige debe kutokea huko.

Sahihi sitii.