Kitenge kwenye Chombo cha Maua

Loisi, sikia yaliyonikuta leo hapa dukani kwetu pa uchapaji.

Erica, yule mwalimu wa Isansa, aliniomba nimchoree chombo cha maua kwenye kadi ya harusi. Nikakichora Photoshop, nikakipamba na kitenge nilichokikata kwenye picha ya zamani humu kwenye kompyuta yetu.

Leo kaja kukiona. Akasogeza uso hadi kwenye skrini. Nikamwambia, "Kama hujapenda nabadilisha, dada."

Akasema, "Hicho kitenge mama alizikwa nacho."

ALIZIKWA NACHO, Loisi! Kumbe ile picha ni ya mama yake, ya ratiba ya mazishi, tuliichapa sisi wenyewe mwaka juzi! Nikakimbilia kufuta.

Akanishika mkono. "Usifute. Nimekuwa nawaza mama ataingiaje kwenye harusi yangu."

Nimemchapia hivyo hivyo, huku tunalia wote wawili.