Shilingi Iliangukia Kwangu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Nakuamkia wewe na Mama, nikiomba barua hii iwakute mnapumua vizuri na goti lako limepoa. Mimi ni mzima, ila viganja vimejaa malengelenge ya panga na moyo umechafuka. Nakwambia mapema: harusi ya Anjela sitakuja. Najua umeshawaahidi wakwe wa Mbaha kwamba mimi kaka yake ndiye nitakayemsindikiza kushuka mlima mpaka ziwani. Soma kwanza, ndipo unilaumu.

Shamba hili la miwa lilipokuwa la serikali, masika yakifika kiwanda kilifungwa na sote tukaenda likizo. Tangu liuzwe, tajiri mpya anataka nusu ya watu wabaki kupalilia. Wasimamizi walishindwa kuamua nani aende, wakasema wakata miwa na watu wa kiwandani wacheze mpira, watakaoshinda waende kwao. Ndivyo tunavyofanywa siku hizi, Baba.

Mimi ni kapteni wa wakata miwa. Wa kiwandani ni Mzee Hyasinti wa Mbuji, fundi wa mitambo, ana mvi na bado anakimbia. Tulitoka sare, ikabidi zipigwe penalti. Refa akatuita katikati.

"Makapteni, sikilizeni. Narusha shilingi. Atakayeshinda anachagua goli la kupigia. Mwenzake anachagua kuanza au kufuata. Mmenielewa?"

Tukaitikia. Shilingi ikaangukia kwangu. La kuchagua nililijua: goli la upande wa kiwanda, lenye kivuli. Golikipa wetu Shabani, moshi wa kuchoma miwa umemharibia macho, jua la jioni halivumilii kabisa. Nikafungua mdomo. Mzee Hyasinti akanitazama, akanisemesha Kimatengo chetu, taratibu: "Mwanangu, baba hajambo?"

Baba, ulimi ulikufa. Umetulea ukitufundisha kwamba mkubwa akiwepo, mdogo hanyooshi mkono kwanza, hata kwenye bakuli la maharage. Nikajisikia nasema, "Chagua wewe, mzee."

Refa akashangaa. "Kapteni, nakuuliza wewe. Goli lipi?"

"Mzee achague."

"Asante, mwanangu," akasema, na kidole chake kikaelekea goli linalotazama jua.

Golikipa wao alikuwa na kofia. Shabani alijikinga macho kwa kiganja kimoja, akawa anarukia mipira asiyoiona. Tukashindwa.

Bosco, ninayelala naye chumba kimoja, alinivaa palepale. "Heshima zako ungeziacha huko kwenu kwenye mashamba ya kahawa! Mke wangu anakaribia kujifungua. Nimwambie nini, kwamba kapteni wetu alikuwa anaamkia watu?" Tangu siku ile, ugali ukiwekwa, wote wanarudisha mikono nyuma na kuniambia, "Chagua wewe, mzee." Wanacheka, lakini si kicheko kizuri. Nimemkasirikia tajiri, nimemkasirikia Mzee Hyasinti, na nisikufiche, Baba, wewe pia kidogo.

Juzi mzee mwenyewe alikuja chumbani. Hakuzunguka. "Nilijua utanipa," akasema. "Sijaiona Mbuji tangu mama yangu azikwe." Kisha akasema atapita hapo Matiri amsindikize Anjela mpaka Mbaha kwa niaba yangu. Nikamfukuza. Asubuhi nikamfuata kiwandani nikakubali, maana sitaki dada yangu ashuke mlima kama mtu asiye na kaka. Ndiye huyo aliyekukabidhi barua hii.

Msalimu Mama, mwambie asilie siku ya watu. Msalimu shangazi anayekaa nanyi, na mjomba wetu mvuvi, amchagulie bibi harusi samaki wazuri. Shemeji mpya mwambie nitakuja kumwona, hata kama watakuwa wameshapata mtoto.

Mzee Hyasinti mpokeeni vizuri, ni mtu wa nyumbani. Mkimchinjia kuku, akisukuma bakuli upande wako na kusema, "Chagua wewe, mzee," Baba, usione haya. Chukua firigisi.

Ni mimi mwanao niliyebaki kwenye miwa,
Kosmasi